Unaandika, sawa. Lakini kazi unafanya gani?

Msomaji wangu, kama wewe ni kijana wa Bodo na umeamua kuishi kwa kalamu, swali hilo hapo juu unalijua kama Alhamdu. Utaulizwa na ami yako akiwa kivulini anashona wavu. Utaulizwa na shangazi akikuna nazi. Utaulizwa hata na kijana wa bodaboda anayekutoa kijijini hadi barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, huku umekumbatia bahasha ya kaki kama mtoto mchanga, ndani yake mswada wa riwaya. Wote watakusikiliza kwa adabu ukieleza kwamba unaandika. Watatikisa kichwa. Watasema mashallah. Halafu litakuja.

"Sawa, unaandika. Lakini kazi, kazi hasa, unafanya gani?"

Usikasirike. Bodo ni kijiji cha bahari, na kwetu kazi huacha alama. Mvuvi unamjua kwa harufu kabla hujamwona. Mgema unamjua kwa sugu za miguu. Anayepeleka watalii Funzi unamjua kwa kofia na kwa Kijerumani cha maneno sita. Wewe je? Una simu yenye kioo kilichopasuka, daftari, na tabia ya kukaa ukitazama bahari kwa saa mbili. Ndugu yangu, Bodo kutazama bahari saa mbili bila ndoano mkononi si kazi. Hiyo ni dalili. Nyanya yako ataanza kuuliza taratibu kama juzi ulipita chini ya mbuyu saa saba mchana.

Basi leo tuiongee hii safari, tena tuicheke, kwa sababu inachekesha kweli. Ila tukicheka tuwe tunapiga na hesabu. Vijana wengi wenye kipaji huacha kuandika, na wengi hawaachi kwa kukosa maneno. Huacha kwa kuchoka kufanya kazi ambayo hakuna anayeiita kazi.

Karani wa kijiji, mshahara dua

Jambo la kwanza utakaloligundua ni kwamba watu hawaamini kuwa uandishi ni kazi, lakini wanaamini sana kuwa wewe ni mwandishi. Hapo ndipo kichekesho kinapoanza.

Habari ikishaenea kwamba "yule kijana ana kalamu," foleni inajipanga mlangoni. Wa kwanza anataka barua ya kuombea mwanawe basari. Wa pili ni katibu wa kikundi cha wavuvi, anataka kumbukumbu za mkutano ambao wewe hukuhudhuria. Wa tatu anataka risala ya kumsomea mgeni rasmi, iwe na "maneno mazito mazito," na mgeni mwenyewe hajulikani ni nani, kwa hiyo acha nafasi ya jina. Wa nne anataka wasifu wa kuombea kazi hotelini Diani, na ukimuuliza ana ujuzi gani anakujibu, "Weka wowote, wewe si ndiye mwandishi?"

Halafu kuna barua ya posa. Hii ichukue kwa uangalifu. Ikikubaliwa, sifa ni za mshenga. Ikikataliwa, utasikia uvumi umefika hadi Msambweni kwamba mwandiko wako ndio uliomtia shaka baba wa binti.

Malipo ya kazi zote hizi ni ya aina tatu: "Mungu atakulipa," "tutaonana," na soda. Msimu ukiwa mzuri, samaki. Sisemi samaki si malipo. Mtu hawezi kuandika na njaa. Lakini nenda dukani ujaribu kununua bando la intaneti kwa changu wawili, uone watakavyokutazama.

Ofisi yako nayo ina mambo yake. Mtandao ukiyumba ndani ya nyumba, unatoka nje kuutafuta, na mara nyingi unaupata chini ya mnazi. Sijui kama kuna kazi nyingine ya kalamu duniani ambapo mtu huandika jicho moja kwenye sentensi na jingine kwenye kole la nazi juu ya kichwa chake. Na simu yenyewe haijui Kiswahili. Unaandika "dau," inakubadilishia "day." Unaandika "wali," inakuwekea "wall." Mhusika wako amekaa chini kula ukuta na kuku wa nazi, na wewe hukuona hadi umeshatuma.

"Maji hufaje?"

Tuseme sasa umemaliza. Umeandika hadithi yako, umeipeleka Ukunda ikapigwa chapa. Tuseme ukurasa ni shilingi 10 na mswada una kurasa 200. Tayari shilingi 2,000 zimekwenda na bado hujalipa nauli. Umeituma. Miezi inapita. Kusi imeingia, kusi imetoka. Siku moja unapata jibu kutoka kwa mhariri aliyeko Nairobi, na kwa kweli ni mtu mzuri, ameusoma mswada wote. Shida ni kwamba yeye hajakaa pwani.

Uliandika kwamba wavuvi hawakutoka kwa sababu ya maji mafu. Kila mtu Bodo anajua maji mafu ni zile siku ambazo bahari haipwi sana wala haijai sana. Mhariri amepiga mstari na kuandika pembeni: "Maji hufaje? Fafanua." Uliandika kwamba bamvua ilifika hadi mizizi ya mikoko. Ameuliza kama ulikusudia "mafuriko." Uliandika "kusi lilivuma," amesahihisha: "upepo wa kusini." Na pale bibi wa kwenye hadithi alipomjibu mjukuu wake kwa Kichifundi, lugha ambayo bibi huyo amezaliwa nayo na atazikwa nayo, mhariri ameandika kwa upole: "Mhusika huyu aongee Kiswahili sanifu."

Hapa vijana hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaonuna na kuchoma mswada jikoni, na kuna wanaokubali kila kitu hadi hadithi inatoka haina chumvi, kama ilitungwa na mtu aliyeiona bahari kwenye kalenda. Yote mawili ni hasara. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi, na mswada uliochomwa haumsumbui mhariri hata kidogo. Fanya hivi: mjibu. Mweleze maji mafu ni nini kwa sentensi mbili. Mhariri mwema akishaelewa, neno litabaki, na msomaji wa Kakamega atakuwa amejifunza kitu kuhusu bahari. Lakini akikuonyesha kwamba sentensi yako ina "ambaye" nne mfululizo, hapo hakuna cha Kichifundi wala Kidigo, hilo ni kosa tu, rekebisha.

Ukweli mwingine mchungu kidogo: soko la vitabu Kenya hubebwa na shule. Mchapishaji akisoma hadithi yako, sehemu ya akili yake inawaza kama itaidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Ndiyo maana wapenzi wako walioshikana mikono ukurasa wa 14 wamerudi kutoka Nairobi wakiwa "wanasalimiana." Na usidhani jambo hilo ni geni. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Baadaye ikaja kusomwa hukohuko shuleni. Kitabu kilekile, Rosa yuleyule.

Hesabu ya mrabaha

Sasa tuje kwenye chapaa, maana hapo ndipo uvumi ni mwingi. Siku kitabu chako kitakapotoka, kijiji kitaamini umeomoka. Watu watakuja na harambee. Kuna binamu atakayekuambia ana wazo la biashara ya kuku, anakosa mtaji tu.

Kaa naye chini, mpigie hesabu. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 400 na mkataba wako unakupa mrabaha wa asilimia 10. Kila nakala ni shilingi 40 kwako. Zikiuzwa nakala 500, hiyo ni shilingi 20,000. Kabla hazijakufikia, ushuru wa asilimia 5 unakatwa juu ya mrabaha, shilingi 1,000. Unabaki na shilingi 19,000 kwa kitabu ulichoandika miaka miwili. Ukitaka kufurahi, furahia hili: serikali imekutambua kuwa mwandishi kabla ya shangazi yako.

Na hizo ni nakala zilizouzwa. Kuna wasomaji wako wa WhatsApp, watu wanaokupenda kwa dhati, ambao watakuandikia, "Hongera sana kaka, tumejivunia! Tutumie PDF." Wakishatumiwa, wanatumiana. Watu 300 wamesoma kitabu chako, wamelia, wamecheka, wamekuombea dua, na mrabaha wake ni sifuri. Fundi wa ngalawa angeibiwa ngalawa 300 mngeita polisi wa Diani, wa Msambweni na wa majini pia. Wewe unaambiwa, "Si watu wamekujua?"

Lipo la kufurahisha, hata hivyo. Kitabu kikichaguliwa kuwa kitabu teule cha shule, hesabu hubadilika kabisa. Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, alipata wasomaji wa kizazi kizima kwa njia hiyo. Siku Njema, ya mwaka 1996, kisa cha kijana wa Tanga anayekuja Kenya kumtafuta babake, na baadaye Kidagaa Kimemwozea, zilisomwa na wanafunzi kila pembe ya nchi, wengine wakizikariri usiku wa kuamkia mtihani. Lakini hata Walibora hakukaa akisubiri mrabaha. Alisoma habari kwenye runinga na kufundisha chuo kikuu.

Kuandikia wazungu

Kuna njia ya mkato ambayo vijana wengi wa Kenya wameipita, na huenda na wewe ushawahi kuonyeshwa mlango wake: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kuandika inayolipa haraka kuliko zote nchini. Hadi filamu imetengenezwa kuihusu, The Shadow Scholars ya mwaka 2024, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford anawafuata waandishi hao Nairobi.

Vichekesho vyake ni vingi. Umekesha ukiandika tasnifu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, umepata alama ya juu kabisa, lakini ukijikata kidole na panga unakimbizwa hospitali ya Msambweni ukilia kama mtoto. Umeandika kurasa 30 juu ya theluji na hali yake inavyoathiri usafiri wa reli, na barafu pekee uliyowahi kuigusa ni ile ya kuhifadhia samaki. Mteja, mwenye Kiingereza cha kuzaliwa, anakurudishia kazi akilalamika kwamba Kiingereza ni kigumu, hakielewi. Ni insha yake!

Lakini kicheko hicho kina mwiba. Kwanza ni udanganyifu. Mtu fulani mahali fulani anatibu watu kwa cheti ulichomfanyia wewe. Mwaka 2022 sheria ilipitishwa Uingereza ikaharamisha kutoa huduma hizo kwa malipo nchini England. Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikafunguliwa kwa umma, na wateja wengi wakagundua kuna mashine inayoandika bila kulala wala kudai. Na mwiba mkubwa ni huu: baada ya miaka mitano ya kuandika usiku kucha, hakuna ukurasa hata mmoja wenye jina lako. Ukiulizwa "umeandika nini?" huna la kuonyesha. Mvuvi akivua miaka mitano, angalau atakuwa na mashua.

Waliotangulia nao walichekesha

Ukidhani mikosi hii ni yako peke yako, sogea nikuonyeshe jamaa zako wa ukoo wa kalamu.

Vuka mpaka pale Lunga Lunga, ushike njia ya Tanga. Huko ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, huyu tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili. Unadhani alikuwa akiamka anakunywa chai na kuandika tenzi mchana kutwa? Alikuwa karani. Alifanya kazi ya serikali miaka mingi, ikiwemo idara ya forodha. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba mchana unauza simu Ukunda na usiku unaandika, mwambie hiyo ni sunna ya mabingwa.

Njoo Mombasa. Abdilatif Abdalla aliandika mwaka 1968 kijikaratasi cha kuikosoa serikali ya Jomo Kenyatta, Kenya: Twendapi? Akafungwa miaka mitatu. Gerezani hakuruhusiwa kuandika, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni na kuyatoa kwa siri. Yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakashinda tuzo ya fasihi. Na tuzo hiyo inaitwaje? Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani jina lililomtia ndani ndilo lililompa zawadi. Ungeyaandika hayo kwenye riwaya, mhariri wako angesema hayaaminiki.

Binyavanga Wainaina naye alimwandikia mhariri wa jarida la Granta la Uingereza barua pepe ndefu ya hasira, akilalamikia jinsi wageni wanavyoiandika Afrika. Jarida lenyewe likaichapisha mwaka 2005, na mpaka leo ndiyo kazi yake iliyosomwa zaidi duniani. Mtu ametoka jasho kwa hadithi na vitabu, halafu anajulikana kwa lalamiko. Basi hata zile jumbe zako ndefu za hasira kwenye kundi la familia usizifute ovyo.

Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1987. Oktoba 2021, miaka 34 baadaye, alikuwa jikoni kwake Uingereza akijitengenezea chai, simu ikalia. Mtu akamwambia ameshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Gurnah alidhani ni mmoja wa wale wanaopiga simu kuuza vitu. Unaona? Mtu wa kwetu akishazoea kuandika bila kutuzwa, hata Nobel ikimjia anashika mfuko.

Nacheka, lakini sikiliza kinachowaunganisha. Hakuna hata mmoja aliyesubiri kijiji kimpe ruhusa ya kujiita mwandishi. Waliifanya kazi kama kazi, wengine usiku, wengine gerezani, na jina likaja likiwa limechelewa kama matatu ya jioni.

Mwulize fundi wa ngalawa

Kama hutaki kwenda mbali kujifunza biashara ya uandishi, shuka pwani, kaa karibu na fundi wa ngalawa. Kila unachohitaji kipo pale.

Jaribu kumwambia hivi: "Fundi, nichongee ngalawa moja nzuri. Pesa sina, lakini nitaitembeza Gazi, Msambweni, mpaka Shimoni. Watu wataiona, utapata jina." Fundi atakutazama. Ataweka tezo chini. Kisha atakuuliza kama umeshakunywa chai, maana maneno hayo hayatoki kwa mtu aliyeshiba. Lakini wewe mwandishi umeambiwa maneno hayohayo na watu wenye ofisi, ukasema asante.

Fundi hachukui gogo kabla hamjakubaliana bei. Anataka arubuni, hata kama ni kidogo. Anakuambia itachukua muda gani, na ukija njiani kumwambia sasa unataka na tanga la pili, anataja bei mpya. Hata mtoto wa dada yake hulipa. Labda hupunguziwa, lakini hulipa. Na kazi yake huitengeneza kwa namna kwamba haivuji, kwa sababu anajua ikivuja watu watazama na jina lake litazama nao. Hilo la mwisho usilirukie. Huwezi kudai bei ya fundi halafu upeleke barua yenye makosa matatu kwenye mstari wa kwanza.

Basi siku mjomba akija kuchukua barua yake, anza na hiyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Ile barua ya basari iko tayari?"

"Iko tayari, mjomba. Ni shilingi mia mbili."

"Mia mbili! Ya barua?"

"Ya barua, mjomba. Mashine ya boti ikikuharibikia, fundi humpa ngapi?"

"Ah, yule ana kazi."

"Hata mimi, mjomba."

Atanyamaza. Ataisoma barua tena, safari hii polepole, kama mtu anayekagua mshono wa tanga. Atatoa mia moja na kusema nyingine ataleta pamoja na samaki. Pokea kwa mikono miwili, umshukuru, na uandike kwenye daftari: mia moja imeingia, mia moja deni. Usishangae kesho yake ukisikia amemwambia jirani: "Yule kijana wetu hufanya kazi ya kuandika. Ni ghali kidogo." Hapo ndugu yangu umeajiriwa.

Mzee asiyejiweza, mwandikie bure, hiyo ni thawabu yako. Lakini wewe ndiye uamue lini unatoa sadaka na lini unafanya biashara. Usiamuliwe.

Kabla hujabandika bahasha

Mambo machache ya kushika, nayo hayachekeshi sana.

Mkataba usome wote, mpaka yale maandishi madogo. Angalia kama unapewa mrabaha kwa kila nakala au unauza mswada moja kwa moja kwa malipo ya mara moja. Elfu 20 za leo ni tamu, lakini ukiuza haki zote, kitabu kikichaguliwa kusomwa shuleni utakiona mikononi mwa watoto wa jirani na hutapata hata senti. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Hiyo ni mali ya wajukuu, usiiuze kwa haraka ya kulipa kodi ya mwezi mmoja.

Kazi yako unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Ukiamua kujichapishia, nambari ya ISBN hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Kenya. Usinunue nambari kwa mtu wa kona.

Fuatilia mashindano ya miswada. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, na ambayo hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Katika mkupuo wa kwanza, mwaka 2015, Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya na Mohammed Ghassani kwa ushairi, dola 5,000 kila mmoja. Wafadhili walikuwa watengenezaji wa mabati. Hatimaye mwandishi wa Kiswahili akapata uhusiano rasmi na paa.

Weka nakala ya kazi yako mahali pawili. Simu huanguka majini, hasa ya mtu anayepanda mashua, na hakuna hadithi chungu kama ile ya riwaya iliyoliwa na maji ya chumvi.

Na kazi ya mchana usiiache bado. Vua, uza, endesha, fundisha. Karani wa forodha aliweza.

Mwisho, jina lako liandike vizuri ukurasa wa kwanza pamoja na nambari ya simu inayopatikana. Halafu nambari ngeni ikikupigia, ipokee. Najua unadhani ni wale matapeli wa Kamiti. Yawezekana ni wao kweli. Lakini Gurnah naye alidhani hivyohivyo, na chai yake ilikuwa bado haijachemka.